Kiti cha Pijo 504 Ni Sehemu ya Springi Zake

Anayefufua Pijo 504, gari la zamani la kampuni ya Peugeot, hapa Mombasa kwa kawaida huanza na rangi, kisha huenda kwa fundi wa makochi kushonesha viti, na fedha zikisalia ndipo hukumbuka springi, shokapu na bushi, yaani vile vipande vya mpira na chuma kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu. Mimi nimeifanya kazi hiyo uani kwetu kwa miezi 14, na nimetoka nayo nikiwa na hakika kwamba mpangilio huo ni kosa, wala si kwa sababu ya usalama pekee. Katika gari hili kiti ni sehemu ya springi. Mtikisiko wa barabara hupokewa na tairi, ukapunguzwa na springi ndefu na shokapu, ukapunguzwa tena na mpira wa bushi, na kinachobaki hupokewa na sponji ya kiti kabla ya kumfikia abiria. Mwenye kushona kiti bila kujua springi zikoje, au kubadilisha springi bila kujua kiti kikoje, hufanya nusu ya kazi na kuiharibu nusu ya pili.

Pijo 504 ilitolewa Ufaransa mwezi Septemba 1968, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na mwaka 1969 ilitunukiwa tuzo ya Gari la Mwaka barani Ulaya. Kwetu ilipata heshima ya aina nyingine. Iliunganishwa hapa hapa Mombasa, na ile ya stesheni yenye safu tatu za viti ikawa gari la abiria wa masafa marefu kiasi kwamba watu wa rika la baba yangu bado huitaja safari ya Nairobi kwa jina la Pijo. Katika mashindano ya magari ya Safari Rally, baada ya ndugu yake 404 kushinda mara 4 kati ya mwaka 1963 na 1968, Ove Andersson alishinda kwa 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Gari hilo halikustahimili mashimo yetu kwa kuwa gumu. Lilistahimili kwa kuwa laini: magurudumu yake yana nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, springi zake hujikunja bila kugoma, na kampuni ya Peugeot ilikuwa ikijitengenezea shokapu zake yenyewe ili mwendo wa kurudi kwa springi uzuiwe kwa kiasi kinachofaa. Ulaini huo ndio unaopotezwa kwanza gari linapoingia mikononi mwa watu wenye haraka.

Yangu ni saluni, ile ya milango minne, toleo la GL, niliyoachiwa na mjomba. Alipokuwa bado anaiendesha, gereji moja ilimshauri ainyanyue ili isigonge matuta, ikamwekea nyuma springi nene zilizokatwa kutoka gari jingine. Haikuishia hapo, kwa sababu viti navyo vilikuwa vimejazwa sponji ngumu kama ya benchi la kanisani na kufunikwa reksini, yaani ngozi ya bandia, nyeusi iliyovutwa hadi ikalia. Mjomba alikuwa na maumivu ya mgongo katika miaka yake ya mwisho ya kuendesha, na kila mtu nyumbani aliamini ni uzee. Sidai kwamba gari ndilo lililomuumiza, lakini nilipoliendesha mara ya kwanza kutoka Kwale kwenda Kinango kwenye changarawe, nilifika nikiwa nimechoka kuliko siku yoyote niliyowahi kupanda matatu.

Nilianza kwa kupima. Kabla ya kufungua hata nati moja, nilisimamisha gari mahali palipo sawa, nikajaza tairi upepo unaostahili, nikapima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, nikaandika tarakimu nne kwenye daftari. Nasisitiza hatua hii kwa sababu watu wengi huchanganya springi na shokapu. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari; shokapu haibebi chochote, kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kucheza. Gari lililolala upande mmoja lina tatizo la springi, au la kutu mahali springi inapokaa, na kulinunulia shokapu mpya ni kutupa fedha. Gari linaloendelea kunesa mara tatu au nne baada ya kuvuka tuta ndilo linalodai shokapu.

Saluni ya GL ina springi ya mviringo kwa kila gurudumu, na magurudumu ya nyuma hujitegemea, kila moja likishikwa na mkono wake wenye bushi za mpira. Stesheni haiko hivyo. Nyuma ina ekseli nzima inayounganisha magurudumu yote mawili, na vipuri vyake visichukuliwe kwa mazoea tu ya kwamba zote ni 504. Nilipata springi za nyuma za asili zilizotumika katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, baada ya kukataa jozi mbili ambazo urefu wa kushoto na kulia haukulingana. Nilizipiga msasa wa waya, nikazikagua mzingo kwa mzingo kutafuta nyufa, nikazipaka rangi ya kuzuia kutu, nikazifunga zote mbili siku moja, kwa kuwa springi na shokapu hubadilishwa kwa jozi.

Kuhusu kazi ya mbele nitakuwa mkali. Pale springi imezunguka nguzo ambayo shokapu iko ndani yake, na imebanwa kwa nguvu inayotosha kumuua mtu. Nati ya juu ya nguzo haiguswi mpaka springi iwe imeshikwa kwa vibano vyake maalumu, viwili vinavyotazamana, vilivyo vizima. Nimeona fundi akifunga springi kwa minyororo na waya na kumwomba Mungu. Asiye na vibano aitoe nguzo nzima kwenye gari, aipeleke penye vibano, na arudi nayo nyumbani. Hakuna aibu katika hilo. Vivyo hivyo, mtu asiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, wala kwa matofali, ambayo hupasuka bila kutoa onyo. Stendi nne za chuma zilikuwa kitu cha kwanza nilichonunua, kabla ya kipuri chochote.

Bushi ndizo zilizochukua muda mrefu kuliko yote, na ndizo zilizonifundisha zaidi. Wauzaji watakusihi ununue zile za plastiki ngumu zenye rangi kali, kwa hoja kwamba hazichakai upesi. Kwa gari la mashindano sina ubishi, lakini kwa 504 ya nyumbani nachagua mpira, kwa sababu mpira huinyonya sauti na mtikisiko mdogo ambao springi haiushughulikii. Jambo ambalo gereji nyingi hulipuuza ni namna ya kuzikaza. Mpira wa bushi umegandana na chuma cha ndani na cha nje, na haujizungushi kama beringi, bali hujisokota. Ukikaza bolti wakati mkono wa gurudumu unaning'inia hewani, gari likishushwa mpira hubaki umesokotwa hata likiwa limesimama, ukachanika mapema, na gari likakaa juu kuliko kipimo chake. Inafaa bolti ziingizwe kwa mkono, gari lishushwe likae kwa uzito wake wote, litikiswe mara kadhaa, kisha ndipo zikazwe. Mimi nilirudia upande mmoja wa nyuma kwa kosa hilo hilo, nikapoteza bushi mpya mbili.

Hapo ndipo nilipoingia ndani, na sikuanza na viti. Nilianza na sakafu. Hewa ya bahari hapa kwetu haina huruma, na zulia la zamani hushika unyevu kama sifongo. Nilipolitoa nikakuta kutu chini ya miguu ya dereva na kwenye mashimo ya bolti za reli za kiti. Kiti kizuri kilichofungwa kwenye sakafu iliyooza ni hatari kuliko kiti kilichochanika. Bati lilikatwa na kuchomelewa jipya, likapakwa rangi, na nikaacha gari wazi siku nzima za jua kabla ya kulaza zulia.

Nilipofumua reksini ya kiti cha dereva, chini ya tabaka mbili za sponji ngumu nilikuta mabaki ya kitambaa cha asili cha rangi ya kahawia, bado kimeshikana na fremu kwenye kona. Nilifurahi kupita kiasi. Mabaki hayo yalinipa upana halisi wa mistari ya mshono na, muhimu zaidi, alama ya mahali sponji ya zamani ilipofikia. Kiti cha 504 ni kipana na kinamkubali mtu aingie ndani yake. Hakikukusudiwa kumkalisha juu juu. Nyaya za springi zilizo kwenye fremu zilikuwa zimelegea na mbili zimekatika, na kama ningezificha chini ya sponji mpya, kama wengi wafanyavyo, kiti kingezama upande ndani ya mwaka mmoja.

Fundi wa makochi niliyemwendea, mzee wa Majengo anayejua kazi yake, alinitazama nilipomwambia nataka sponji laini. "Mwanangu, utarudi hapa baada ya miezi sita unilaumu," alisema. Tulikubaliana tabaka mbili: nzito chini, inayobeba mwili, na laini juu yake, inayoupokea. Kisha nikafanya jambo ambalo naona ndilo kiini cha makala hii. Kabla hajashona, nilivifunga viti vikiwa uchi, sponji imefunikwa shuka tu, nikaendesha hadi Mariakani na kurudi. Mbele palikuwa sawa. Nyuma, dada yangu alilalamika kwamba kila tuta lilimrusha, tukagundua kwamba sponji ya nyuma ilikuwa nene mno kwa springi ambazo sasa zilikuwa laini, hivyo kiti kilikuwa kikinesa baada ya gari kutulia. Ilipunguzwa sentimita 2. Fundi wa viti peke yake asingejua, na gereji isingejali. Kazi hizi mbili zinapofanywa mahali pawili na watu wawili wasiojuana, hakuna anayeendesha gari katikati ya kazi kuuliza swali hilo.

Kwa kufunika nilichagua kitambaa cha kahawia, si reksini, ingawa reksini ni rahisi kufuta, kwa sababu katika joto la Mombasa ngozi ya bandia humganda mtu mgongoni, naye hukaa amejikaza safari nzima. Uzi uwe wa poliesta usioliwa upesi na jua.

Wapo wanaoniambia kwamba ulaini huu ni anasa, kwamba gari la Mwafrika hubeba magunia na watu sita, kwa hiyo springi lazima ziwe ngumu. Naiheshimu hoja hiyo kwa gari la kazi. Lakini 504 hizi tunazozifufua leo hazibebi magunia. Hubeba wazee wetu kwenda harusini na sisi kwenda Kilifi Jumapili, na kuziacha ngumu ni kuendelea kulipa gharama ya mzigo ulioshushwa miaka 30 iliyopita.

Baada ya kilomita 500 nilirudi chini kukaza bolti zote upya, nikapeleka gari kupimwa mwelekeo wa magurudumu, nikapima tena zile nafasi nne. Springi za nyuma zilikuwa zimeshuka kidogo, kushoto na kulia sawasawa. Bado dari la ndani halijashonwa, na vibao vya milango ya nyuma viko ukutani sebuleni vikisubiri kitambaa kilichobaki.