Kanisa la Saizi Yangu

Mtwara hakuna upungufu wa makanisa. Jumapili asubuhi toka zako Chikongola kwa miguu mpaka Shangani uone. Huku wanaimba, kule wanakemea, kwingine kuna kijana anajaribu maiki tangu saa moja, "halo, halo, Bwana asifiwe, halo." Makanisa yapo. Ninalolalamikia mimi ni kwamba hakuna hata moja linalokubaliana nami.

Na wala sina makuu. Nataka kanisa linalosema ukweli kuhusu gesi. Nataka mchungaji anayeweza kutaja bei ya korosho madhabahuni bila sauti kutetemeka. Nataka mahubiri ya kumkera diwani na kumnyima usingizi mtu wa kodi, halafu yakifika mtaani kwangu yapite polepole. Michango iwepo, sikatai, ila isiandikwe kwenye daftari. Akina mama wapewe heshima yao, ila vikao vyao visiangukie saa ya kupika. Na kuhusu uraka, pombe yetu, kanisa linyamaze tu. Uraka unatoka kwenye bibo, tunda la mkorosho, bibo kaliumba Mungu, na msimu wenyewe mfupi.

Ni hayo tu. Sasa mtu wa aina yangu akasali wapi?

Kwetu ni Masasi. Nilibatizwa Anglikana, Anglikana ile ya ubani na kengele ambayo mgeni akiingia anatoka nje kusoma kibao, anadhani kakosea kaingia kwa Wakatoliki. Ni urithi wa UMCA, wamisionari waliofika Masasi mwaka 1876 na watumwa waliokombolewa. Babu yangu alikuwa na askofu wake mmoja asiyechoka kumtaja, Trevor Huddleston. Huyo bwana alikaa Afrika Kusini, pale Sophiatown, akapambana na makaburu mpaka shirika lake likamwita arudi Uingereza. Mwaka 1960 akaja kuwa askofu wetu Masasi, akakaa mpaka 1968. Babu akianza kusimulia, mimi mtoto najua moja tu: askofu ni mtu anayegombana na serikali. Nikakua na kiu hiyo.

Ukubwani ndipo nikaona jambo ambalo babu alikuwa akilipita haraka haraka. Serikali aliyogombana nayo Huddleston ilikuwa ya makaburu, huko mbali. Huku kwetu Nyerere alikuwa rafiki yake. Kwa hiyo babu alifaidi! Asubuhi anaombea makaburu waanguke, mchana anarudi kula ming'oko kwa amani, na hakuna balozi wa nyumba kumi aliyekuja jioni kumuuliza alikuwa anamaanisha nini. Kanisa la kisiasa ninalolitaka mimi ndilo hilo. La kukemea umbali wa kilomita elfu mbili.

Nilipohamia mjini nikadhani nimelipata. Jina naliweka kando, wahusika wapo na mmoja wao ananidai. Mchungaji kijana, ana shahada, anahubiri kwa miwani. Jumapili moja akafungua Wafalme wa Kwanza sura ya 21, Mfalme Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi. Akaeleza jinsi mkubwa alivyolitamani shamba la mnyonge, jinsi barua zilivyoandikwa, jinsi mashahidi walivyopangwa. Hakutaja gesi hata mara moja. Hakutaja ule Mei 2013, siku bajeti ya nishati inasomwa Dodoma na mji wetu unawaka moto, watu wanasema gesi haitoki. Hakutaja bomba la kwenda Dar es Salaam wala mitambo ya gesi ya Madimba. Lakini kanisa zima tulisikia harufu ya gesi. Nikasema amina mpaka mzee wa kanisa akageuka kuangalia ni nani huyo.

Mara nyingine akaja na korosho. Akatukumbusha mwaka 2018, wanunuzi walipotaja bei ya kuudhi, wakulima wakakataa, serikali ikasema inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Akauliza, mkulima anayesubiri fedha yake, ada ya mtoto nayo inasubiri? Amina! Safari hii nilisimama kabisa. Nikamwambia mama watoto, hapa ndipo tutakapozikwa.

Halafu kijana akanisaliti. Alianza vizuri tu, nabii Amosi sura ya 8, wale wanaopunguza kipimo na kuongeza bei. Nikajua leo wanunuzi wakubwa wanakoma. Nikakaa vizuri. Mara akainama nyuma ya mimbari, akatoka na bakuli la plastiki. Bluu, lina ufa mdogo ukingoni uliozibwa kwa moto wa msumari. Akaliinua juu kanisa zima waone. "Ndugu zangu," akasema, "hii ndiyo efa ya Amosi. Hapa kwetu inaitwa kangomba."

Kanisa kimya. Mimi nikatazama feni.

Sasa naomba tuelewane. Mimi kangomba, ile biashara ya magendo ya korosho, sifanyi. Mimi nasaidia watu. Mtu yuko kijijini kwake, mnada haujaanza, mtoto anaumwa au ngoma ya unyago imemfika shingoni, anahitaji fedha leo. Serikali iko wapi? Chama cha msingi kiko wapi? Mimi nipo, na pikipiki, na taslimu. Yeye ananipimia korosho, mimi nampa hela, tunaagana kwa mikono miwili. Bakuli ni la kupimia tu, na kama limekuwa kubwa kidogo kuliko kilo, waulizwe waliolitengeneza kiwandani. Mtu anishukuru mwenyewe, halafu mchungaji aje anitafutie nabii?

Nilirudi nyumbani nimevimba. Nikamwambia mama watoto kwamba hili ndilo tatizo la nchi hii, viongozi wa dini wanachanganya dini na siasa.

"Mbona Nabothi ulimpigia makofi?" akaniuliza, anachambua mchele.

"Nabothi yumo kwenye Biblia."

"Na Amosi yumo wapi, baba watoto?"

Mwanamke huyu huwezi kuzungumza naye mambo ya kitaifa.

Nikaenda kwa shemeji. Shemeji anasali kwenye maturubai, ibada inaanza saa tatu na kuisha Mungu anapopenda. Alinishika kwa jambo moja, kwamba wale wanapinga unyago. Na mimi napinga unyago! Nikasema hatimaye, watu wenye akili. Kumbe tunakubaliana jibu, njia kila mtu na yake. Wao wanasema ni mlango wa mapepo. Mimi sina ugomvi na mapepo, nina ugomvi na bajeti. Mtoto wa shangazi akichezwa, nadaiwa kuku, mpunga, kanga za sare na hela ya spika, na mama mkwe amekaa kwenye mkeka anahesabu kwa macho. Siku hiyo mchungaji akaita wenye ushuhuda juu ya unyago. Shemeji akanisukuma. Nikashika maiki nikaeleza kuku, nikaeleza mpunga, nimefika kwenye spika mchungaji akanisogelea, akaninong'oneza, "Taja pepo, mtumishi."

Nikamwambia, "Si pepo, baba, ni mpunga."

Akaninyang'anya maiki.

Tena hapo nilikuwa najizuia. Moyoni nilitaka kumwambia kwamba kwetu Masasi askofu wa kwanza, Vincent Lucas, yule aliyewekwa mwaka 1926, hakulipiga jando marufuku. Alilichukua akalitia sala na msalaba, likawa la Kikristo, na wazungu wenzake wakamshangaa. Sasa wajukuu zake wanaliita shetani. Lakini na Lucas naye sikubaliani naye kabisa, maana kulibariki jando hakukupunguza mpunga.

Kilichonitoa pale kwenye maturubai ni harambee ya mabati. Akaja mheshimiwa. Kiti chake kilifungwa kitambaa cheupe, maji ya chupa mezani, na Roho Mtakatifu, aliyekuwa na haraka wiki zote, siku hiyo alisubiri msafara. Somo likawa Warumi 13, kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu. Mimi Warumi 13 siipingi, ikisomwa kwa wanangu. Mheshimiwa akapewa maiki, akasema hakuja kufanya siasa, kisha akaongea siasa nusu saa, akaahidi mabati mia mbili. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mchungaji akauliza nani anafuata. Shemeji, ambaye mkono wake una matatizo siku zote isipokuwa siku hiyo, akaunyanyua wa kwangu. Mifuko mitano ya saruji. Nikaandikwa.

Baada ya hapo nimekuwa mtu wa kuhemea. Jirani wa kazini alinielekeza kwa Wasabato, na nasema kweli, wale walikaribia. Watu safi, wanatunza saa, afya wanaijua. Lakini wanaishika Walawi 11, kiumbe wa majini asiye na mapezi wala magamba haliwi. Nikauliza kwa upole, na pweza? Wakatikisa kichwa. Na ngisi? Wakatikisa tena, kwa huruma. Ndugu yangu, unamwambia mtu wa Mtwara aache pweza wa feri, yule wa kukaangwa jioni, wa pilipili na ndimu? Hata kama tungekubaliana gesi, korosho na bandari, hapo hapapitiki.

Nimetaja bandari. Agosti 2023 maaskofu Katoliki walipotoa tamko kuhusu mkataba wa bandari na likasomwa makanisani, nilitamani kuhama wiki hiyo hiyo. Tamko zuri, lina hoja, na zaidi ya yote mimi sina meli, kwa hiyo lisingenigusa popote. Nikamfuata katekista. Akanipokea vizuri, akanitajia mafundisho, jumuiya ndogo ndogo, zege la kigango, na kwamba imani ni pana kuliko tamko moja. Nikamwuliza kama kuna utaratibu wa kujiunga na tamko peke yake. Akacheka, akadhani natania.

Kuna na lile lisilogusa siasa kabisa. Hapo nilidhani nitapumzika. Mahubiri yalikuwa vipimo vya hekalu la Sulemani, dhiraa kwa dhiraa, nguzo kwa nguzo. Nililala kama mzigo wa korosho ghalani. Niliamshwa na sadaka.

Jioni huwa nakaa barazani kwa jirani yangu, alhaji, Mmakonde, mtani wangu. Nilimwaga yote, na kahawa ikapoa. Nikamwuliza, ninyi mnafanyaje imamu akisema jambo usilolipenda?

"Natazama mlangoni kama viatu vyangu bado vipo," akasema.

"Halafu?"

"Vikiwepo, nakaa." Akanimiminia nyingine. "Mtani, gombea udiwani. Utapata watu wa kukubaliana nawe mpaka siku ya kura."

Nikamwona hana msaada. Wamakua tumewavumilia sana hawa.

Wakati mimi nahangaika hivi, mama watoto hajahama popote. Bado yuko kwa kijana wa miwani, anaimba sauti ya pili. Juzi nikampeleleza, nikamwuliza kanisa lenu lina msimamo gani siku hizi kuhusu mambo ya nchi. Akasema siku hiyo ilikuwa zamu yao ya kufagia. Nikauliza, na mahubiri? Akasema yalikuwa mazuri, mchungaji ameniulizia, na lile bakuli limewekwa ofisini, mwenye nalo anaweza kulifuata. Sikumjibu. Mabakuli ya bluu yapo mengi mjini hapa.

Sasa naandika haya kwa sababu jana simu imeita, mhasibu wa maturubai. Sauti tamu, Bwana asifiwe, za siku nyingi, tunakukumbuka kuhusu ile saruji. Nikamwambia dada yangu, mimi si muumini wenu, tulitofautiana kimsimamo. Akasema msimamo hauandikwi, daftarini kuna mifuko mitano tu. Nikamwuliza, na mheshimiwa je, mabati yake yamefika? Akakohoa. Hayajafika. Akasema Jumapili kamati itasoma majina ya wenye ahadi, na mimi na mheshimiwa tumefuatana, yeye wa kwanza, mimi wa pili.

Nikamwambia la kwanza walisome kwa sauti kubwa, spika zote ziwashwe, kanisa lisiogope wakubwa. La pili wanitumie meseji.