Filamu Fupi za Afrika Tunazozipita

Mtu anapoomba kupendekezewa filamu ya Kiafrika ambayo huenda hajaisikia, mimi huanza na filamu fupi: ya dakika 20, ya nusu saa, ya dakika 45. Huo ni urefu usio na makao. Filamu ya dakika 45 ni ndefu mno kutangulizwa kabla ya filamu nyingine ukumbini, na ni fupi mno kwa mwenye ukumbi kuikatia tiketi yake peke yake. Ninaamini kwamba baadhi ya kazi bora kabisa za sinema ya bara letu zimo katika kundi hili, na kwamba wengi wetu hatujaziona kwa sababu hiyo tu ya urefu, wala si kwa upungufu wowote uliomo ndani yake.

Huku kwetu Afrika Mashariki mazoea nayo yamechangia. Kizazi cha wazazi wetu kiliingia katika kumbi za Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar kutazama filamu za Kihindi zilizokaribia saa tatu, zenye nyimbo, machozi na mapumziko katikati, na aliyelipa kiingilio alitaka atoke usiku ukiwa umekwisha kukomaa. Ulipofika wakati wa Bongo Movie, hadithi moja iligawanywa kuwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja katika diski yake, hata pale ambapo kisa chenyewe kingetoshelezwa na robo tatu ya saa. Sasa zamu ni ya tamthilia za Kituruki zinazokwenda jioni baada ya jioni kwa miezi. Sina ugomvi na kazi ndefu. Za Kihindi nazipenda mpaka leo. Ninachosikitikia ni kwamba katika mpangilio wote huo filamu ya nusu saa haikupata mlango wa kuingilia, ikabaki kuzunguka kwenye matamasha, ikipigiwa makofi na watu wachache kisha kurudishwa kabatini.

Ningependa msomaji aanze na Borom Sarret ya mwaka 1963. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa tayari ni mwandishi wa riwaya alipokwenda Moscow kusomea utengenezaji wa filamu, kwa kuwa alikwisha kutambua kwamba vitabu vyake vya Kifaransa visingewafikia wale hasa aliokuwa akiandika habari zao. Aliporudi alitengeneza kisa cha siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi katika jiji la Dakar, kwa dakika zipatazo 20 tu. Anaamka, anasali, anatoka kutafuta riziki. Abiria wengine hawamlipi. Manju mmoja anamsimamia njiani na kuziimba sifa za mababu zake, naye, kwa fahari iliyomjaa ghafla, anampa kile kidogo alichokwisha kupata. Baba mmoja anapanda akiwa amebeba maiti ya mtoto wake mchanga kwenda kuzika; langoni mwa makaburi anaambiwa kwamba karatasi zake hazijakamilika, na mwendesha mkokoteni anamwacha hapohapo na kuondoka zake. Sembène hamtetei wala hamsemi vibaya. Anatuonyesha tu kwamba maskini huyu, ambaye tumekuwa tukimhurumia, naye anaweza kumpa mwenzake kisogo.

Kisha inakuja ile picha ambayo kwangu inatosha kuifanya filamu nzima iwe ya kukumbukwa. Abiria aliyevaa vizuri anamshawishi ampeleke Plateau, sehemu ya wakubwa ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Askari anawasimamisha, abiria anateremka na kutokomea bila kulipa, na mwendesha mkokoteni anapochomoa karatasi zake, nishani yake ya vita inadondoka chini. Askari anaweka buti juu yake. Kamera iko chini kabisa, sawasawa na nishani, kwa hiyo askari anaonekana mrefu kama jengo, na mkono wa yule bwana hauthubutu kwenda kuichukua. Hakuna hotuba kuhusu ukoloni, hakuna muziki wa kutulazimisha tulie. Kuna mtu aliyepigana vita, na kuna buti la askari wa nchi yake mwenyewe iliyopata uhuru miaka 3 tu kabla yake. Filamu nyingi za saa mbili zimejaribu kulisema hilo na hazikufika hapo.

Anayefuata ni Djibril Diop Mambéty, naye ni wa Dakar, na kwa maoni yangu hakuna aliyewahi kuuelewa urefu wa dakika 45 kumshinda. Wapenzi wa sinema wanamjua kwa Touki Bouki ya mwaka 1973. Wachache zaidi wanazijua filamu zake mbili za mwisho, Le Franc ya mwaka 1994 na La Petite Vendeuse de Soleil iliyotoka mwaka 1999, baada ya yeye mwenyewe kufariki dunia mwaka 1998. Alikusudia ziwe tatu, zote kuhusu watu wa chini, lakini ya tatu hakujaliwa kuitengeneza.

Le Franc inatokana na jambo halisi lililoumiza watu: mnamo Januari 1994 faranga ya CFA, sarafu ya Senegal na nchi kadhaa jirani, ilishushwa thamani kwa nusu, na mtu aliyelala na akiba yake akaamka akiwa na nusu ya uwezo wake wa kununua bidhaa za kutoka nje. Mambéty hakuchukua wachumi wa kulieleza hilo. Alimchukua Marigo, mwanamuziki mwenye deni la kodi ya chumba, ambaye mama mwenye nyumba amemnyang'anya ala yake na kukataa kuirudisha mpaka alipwe. Marigo ananunua tiketi ya bahati nasibu na, kwa kuogopa kuibiwa, anaibandika kwa gundi kwenye mlango wa chumba chake na kuifunika kwa picha ya shujaa anayempenda. Tiketi inashinda, lakini haibanduki. Basi anaung'oa mlango wote, anaubeba mgongoni na kuvuka nao jiji, kwenye basi, kwenye majalala, kwenye barabara za wenye nazo. Ofisini anaambiwa kwamba hawezi kulipwa bila kuonyesha upande wa nyuma wa tiketi, na upande huo ndio uliogandana na ubao. Anaelekea baharini ili maji yalainishe gundi. Yanayotokea huko ninamwachia mtazamaji, maana ni mojawapo ya miisho michache ninayoijua ambamo kicheko na kilio haviwezi kutenganishwa.

La Petite Vendeuse de Soleil ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Sili ni msichana mdogo anayetembea kwa magongo, mjukuu wa bibi kipofu anayeomba barabarani kwa kuimba. Wavulana wanaouza magazeti wanamsukuma na kumwangusha. Hapo anaamua kwamba wanachofanya wavulana na yeye anaweza kukifanya, anakwenda kuomba kazi, anapewa nakala 13 za gazeti la Soleil, na tajiri mmoja anazinunua zote kwa mkupuo. Askari akimwona na noti kubwa mkononi anadhani ameiba. Kinachofuata kinastahili kutazamwa mara mbili: badala ya kuburutwa, Sili anatangulia mwenyewe kwenda kituoni, magongo yakigonga lami na askari akiwa nyuma yake, anajieleza kwa mkubwa wa kituo bila kutetemeka, na akishaachiliwa haondoki mpaka mwanamke mwingine aliyefungiwa humo kwa tuhuma za wizi naye atolewe. Lissa Balera, aliyeigiza Sili, anafanya yote hayo kwa uso mtulivu kabisa, bila kuomba huruma ya mtu.

Kuna mazungumzo mafupi ndani yake ambayo kila mwandishi wa habari angepaswa kuyasikia. Rafiki yake Babou anamweleza kwamba gazeti la Sud linauzika kuliko Soleil kwa kuwa ni gazeti la wananchi, ilhali Soleil ni la serikali. Sili anajibu kwamba yeye ataendelea kuuza Soleil, ili serikali iwasogelee wananchi. Mtu mzima angelisema hilo lingekuwa propaganda. Likisemwa na mtoto aliyetoka kituo cha polisi muda mfupi tu uliopita, linageuka kuwa dai. Katika dakika hizo 45 Mambéty hakuacha nafasi ya maelezo ya ziada: hatujui wazazi wa Sili walikwenda wapi wala miguu yake ilipatwa na nini, na hakuna wakati ambapo ukosefu wa habari hizo unatusumbua.

Kwa upande wetu wa bara, Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, ina dakika 21. Jina la mwongozaji huyu lilivuma mwaka 2018 kwa sababu ya filamu yake Rafiki na marufuku iliyowekewa nchini kwake, lakini kazi hii iliyoitangulia haizungumzwi sana. Ni miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vya kugombea maji. Watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, wanazalisha umeme kwa miili yao kwenye mashine za mazoezi, jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, na ndoto huzuiwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, anatumiwa udongo wenye unyevu na asiyejitaja, anapanda mbegu ndani yake, na mbegu inaota. Mwisho wake, kwa maoni yangu, unatangaza ujumbe kwa sauti kubwa kupita kiasi. Hata hivyo ulimwengu uliojengwa katika dakika za mwanzo, ambamo kila tone lina hesabu yake, unamhusu moja kwa moja yeyote aliyewahi kupanga foleni ya ndoo alfajiri.

Tanzania nayo ina Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Ron Mulvihill na Nangayoma Ng'oge, kisa cha mke kijana anayeugua na kuwaogopa waganga wa jadi ambao mumewe anataka wamtibu. Inasikitisha kwamba kuipata ni kazi ngumu kuliko kuzipata hizo za Senegal.

Kikwazo kikubwa kilichobaki ni lugha. Filamu za Mambéty zinazungumza Kiwolofu na Kifaransa, na tafsiri zilizoandikwa chini ya picha ni za lugha za Ulaya. Katika miji ya Bujumbura, Bukavu, Goma na Lubumbashi kuna watu wengi wanaokijua Kifaransa na Kiswahili sawasawa, na filamu ya dakika 45 yenye maneno machache kama Le Franc si mzigo mzito kwa mtafsiri. Marehemu Lufufu na wenzake waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili katika vibanda vya video walikwisha kuthibitisha kwamba mtazamaji wetu hakimbii kisa cha mbali akisimuliwa kwa lugha yake. Kituo cha televisheni kikilipia haki na kuzirusha Le Franc na La Petite Vendeuse de Soleil kwa kufuatana, jumla yake ni dakika 90, yaani nafasi ya filamu moja ya kawaida ya Jumamosi usiku. Ningeshauri Le Franc itangulie, kwa sababu Marigo anaisubiri bahati, na Sili haisubiri.