Siku moja na nusu si sikukuu

Kila Pasaka ya Kiyahudi na Sukkot (sikukuu ya vibanda) zikikaribia, Myahudi wa London au Johannesburg anayepanga kwenda Yerusalemu huuliza ashike siku moja kama wenyeji au mbili kama kwao, na hupewa ushauri uleule: fanya siku moja na nusu, hutakosea. Kweli, hutakosea. Wala hutasherehekea.

Asili ya siku ya pili mnaijua. Mwezi ulitangazwa Yerusalemu baada ya mashahidi kusema wameuona, wajumbe wakatumwa, na kule walikochelewa kufika watu wakashika siku mbili kwa kuchelea kukosea. (Anayejua zogo letu la kila mwaka, nani kauona mwezi na nani hakuuona, hana haja ya kuelezwa zaidi.) Kalenda ilipokuja kuwa ya hesabu shaka iliondoka, lakini Wayahudi wa Babeli, nje ya Israeli, wakaambiwa washike desturi ya baba zao. Ndiyo maana Pasaka ni siku 7 Israeli na 8 kwingineko. Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, haimo humu. Hiyo ni siku mbili kotekote.

Sasa mgeni. Rabi Yosef Karo, aliyeishi Safed karne ya 16, aliandika kwamba mgeni mwenye nia ya kurudi kwao anashika siku mbili hata akiwa Israeli, na kwamba wageni walikuwa wakikusanyika hadharani kusali sala za siku ya pili. Zaidi ya karne moja baadaye rabi aitwaye Chacham Tzvi akapinga: desturi hii inafuata mahali, na anayeongeza siku katika nchi isiyokuwa nayo anakaribia kosa la kuongeza juu ya Torati. Siku moja, basi. Kauli zote mbili ni kamili, mtu anaweza kuishi nazo.

Kisha ikaja nusu, inayonasibishwa na rabi Shmuel Salant wa Yerusalemu, karne ya 19. Kimsingi ni ya Chacham Tzvi, ila kwa kuwa Karo si mtu wa kupuuzwa, mgeni ajizuie kufanya kazi. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hiyo ni tahadhari ya mwanachuoni, si woga wa kuamua. Lakini tazameni inavyokuwa. Asubuhi ya siku ya pili, ile ya mwishoni mwa sikukuu, mgeni anavaa tefilini, vijisanduku vya maandiko vinavyofungwa mkononi na kichwani wakati wa sala (wengine humwambia asizisomee baraka), anasali sala za siku ya kawaida, halafu hawashi taa, haandiki, hapandi basi. Seder ya pili, karamu ya usiku wa Pasaka, anakaa kwenye meza ya watu, matza (mkate usiochachuka) anakula, lakini kidushi (baraka ya divai) anaisikiliza kwa mwenye siku mbili. Siku ya 8 jirani yake anakula pita ya moto, mkate uliochachuka; yeye anatafuna matza na hana ruhusa hata ya kuiita sikukuu. Makatazo yote kapewa, furaha kanyimwa!

Kwa hiyo muulize rabi wako kabla ya kununua tiketi. Akikwambia mbili, shika mbili, na ujiandae, maana wenyeji hawatakukumbusha. Mwaka 2024 Shemini Atzeret, siku inayofuata Sukkot, iliangukia Alhamisi, 24 Oktoba. Kwa mwenyeji Ijumaa ilikuwa siku ya kawaida, akapikia Sabato bila wasiwasi. Kwa mgeni ilikuwa Simchat Torah, sikukuu ya kufurahia Torati, na kupikia Sabato kulihitaji awe ameweka eruv tavshilin, chakula kinachotengwa kabla sikukuu haijaingia ili kuruhusu upishi huo, tangu Jumatano kabla jua halijazama: mkate wa kiasi cha yai na chakula kilichopikwa kisichopungua kiasi cha zeituni, vikae mpaka matayarisho ya Sabato yaishe. Wa siku na nusu naye huweka, bila baraka. Nusu tena.

Mishumaa ya usiku wa pili haiwashwi kwa kiberiti, bali kwa moto unaowaka tayari, hivyo weka mshumaa wa saa 48. Meza ya usiku wa kuamkia siku ya pili haiandaliwi mchana wa siku ya kwanza. Subiri nyota zitoke. Hoteli nazo: kwao sikukuu imekwisha, wanataka utoke chumbani, na kadi ya mlango imeisha muda. Hayo na bili yamalizwe kabla.

Mwisraeli aliyeko nje, awe New York au Nairobi, asidhani kajinasua. Akiwa katikati ya Wayahudi wa pale, Shulchan Aruch, kitabu cha sheria cha Karo, inamkataza kazi siku ya pili, na Mishnah Berurah, ufafanuzi wake, haimruhusu hata kwa kujificha chumbani. Sala za kawaida, tefilini kimyakimya, nguo za sikukuu. Haya, hiyo nayo ni nusu. Ila huyu anawaheshimu waliomkaribisha. Wa Yerusalemu sijui anamheshimu nani.

Tarehe ya ndege nayo iangalieni. Mwaka 2022 siku ya 8 ya Pasaka ilikuwa Sabato, 23 Aprili. Israeli wakasoma Acharei Mot, sehemu ya Torati ya wiki ile, nje wakasoma ya sikukuu, wakapishana hivyo hadi 30 Julai. Aliyeruka kwenda Tel Aviv katikati alikosa sehemu nzima ya Torati. Aliyetoka huko kwenda London akasikia ileile mara mbili.