Gereji ya Uingereza huishindi kwa mdomo

Kosa tunalolirudia sana sisi Watanzania na Wakenya tunaoishi Uingereza ni hili. Gari limetoka gereji, pedali ya breki inazama, mwenye gari anapandwa na hasira, anapiga simu, anafoka, kisha jioni hiyo hiyo analipeleka kwa fundi mwingine alimalize. Nyumbani huo ni uamuzi wa busara. Huku umeshajiharibia kesi kwa mkono wako.

Dar, ukimpa fundi gari pale Gerezani, mtaa wa gereji na spea, unakaa kwenye kibenchi ukimwangalia. Anafungua, anakuonyesha pedi ilivyoisha, unakwenda dukani kununua spea kwa hela yako na kumletea. Akikosea anajua ulikuwepo. Uingereza unaacha ufunguo mapokezi. Mteja kwa kawaida haruhusiwi kusimama walipo mafundi, na jioni unarudishiwa ufunguo pamoja na ankara. Hukuona chochote. Ushahidi uliobaki ni gari lenyewe, katika hali ile ile waliyolirudisha. Fundi wa pili akishafungua gurudumu na kukaza alichokikuta kimelegea, gereji ya kwanza itasema hakuna anayejua nani alilegeza, na kwa kweli itakuwa na hoja.

Tuchukue breki, maana ndiko kazi ya ovyo inakoua, na makosa yake hayana uraia: ni yale yale Birmingham na Mbagala. La kwanza ni upepo kuachwa kwenye mfumo. Pedali inakuwa laini kama sponji, ukiikanyaga mara tatu nne inapanda. Hii hutokea fundi akifungua mpira wa breki (ule unaopitisha mafuta) au kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, halafu asitoe upepo ipasavyo, au akiacha kikombe cha mafuta ya breki kikauke katikati ya kazi. Magari mengine yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, hayatoki upepo wote bila kompyuta ya kuamsha pampu, na fundi asiye na kompyuta hiyo atakuambia "itazoea". Breki haizoei upepo.

Usichanganye hilo na pedali inayozama mara ya kwanza tu baada ya kuwekwa pedi mpya. Ili pedi nene ziingie, pistoni za kalipa husukumwa ndani, kwa hiyo lazima pedali ikanyagwe mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu. Fundi asiyefanya hivyo anakukabidhi gari ambalo kanyago la kwanza halina kitu, na kanyago hilo huwa la kuingilia barabarani.

Kuna pedi kuwekwa kinyume, chuma kikaelekea diski. Watu hucheka wakisikia, lakini hutokea, na mlio wa kusaga unaanza mita ya kwanza. Kuna kalipa kuning'inizwa kwa mpira wake wakati wa kazi badala ya kufungwa kwa waya. Mpira unachanika ndani, nje unaonekana mzima. Kuna pini ambazo kalipa hutelezea kurudishwa zikiwa kavu na zenye kutu. Pedi ya upande mmoja inabana muda wote, rimu inakuwa ya moto kuliko mwenzake, gari linavuta upande.

La mafuta ndilo linaloniudhi zaidi, hasa nyumbani, kwa sababu ni la uvivu wa kusoma mfuniko. Gari nyingi tunazoendesha zinatumia mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya unyevu kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 155, ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka ibadilishwe kila miaka miwili. Sasa mtu anaongezea mafuta ya steringi au ya gia kwa sababu "yote ni haidroliki". Hayo hutengenezwa kwa mafuta ya ardhini, na mipira ya mfumo wa breki haiyawezi: inavimba. Dalili ya mwanzo ni mpira wa mfuniko wa kikombe kutanuka usirudi mahali pake, kisha breki zinashika zenyewe bila kukanyagwa. Kusafisha kwa kumwaga na kujaza upya hakutoshi. Masta silinda (pampu kuu ya breki), mipira na sili zote zilizoguswa zinabadilishwa, na kwa gari lenye ABS hesabu hiyo inaweza kukaribia bei ya gari kuukuu.

Nati za tairi nazo. Toyota nyingi ndogo zinataka kukazwa kwa Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na magari mengi ya saluni yako kati ya 90 na 120. Toki renchi, ile spana inayolia "kta" ikifika kipimo, ndiyo inayotakiwa kumaliza kazi. Mashine ya upepo ikimaliza yenyewe, stadi, ile boliti inayoshika nati, inavutwa mpaka inachoka na siku moja inakatika. Kutu au rangi ikiachwa kati ya rimu na habu (kitovu ambacho rimu hufungwa), nati inakazwa vizuri leo, uchafu unasagika, kesho kutwa kuna nafasi. Ndiyo sababu gereji za huku huandika chini ya ankara kwamba nati zikaguliwe tena baada ya maili 30 au 50. Usiupuuze mstari huo: tairi ikichomoka kwenye maili ya 200, ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Basi gari limerudi na mojawapo ya hayo. Hatua ya kwanza ni kuacha kuliendesha, hata kulirudisha gereji. Uingereza, kuendesha gari lenye hitilafu ya hatari kunaweza kukugharimu faini hadi pauni 2,500 na pointi 3 kwenye leseni, na cheti cha MOT, ule ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka, hakikukingi. Ita gari la kuvuta na utunze risiti, maana gharama hiyo unaweza kuidai. Piga picha na video: kilomita au maili kwenye dashibodi, pedali inavyozama, mafuta yanayovuja, rimu. Kisha usiguse kitu.

Hatua ya pili ni barua pepe. Simu haitoshi, na kwenda kusimama mapokezi kunatosha kupandisha presha tu. Andika tarehe ya kazi, namba ya ankara, unachokiona na unachotaka. Sheria unayoiegemea ni Consumer Rights Act ya 2015. Inasema huduma lazima ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Ikikosa, unayo haki kwanza ya kazi kurudiwa kwa gharama yao, ndani ya muda unaofaa na bila kukusumbua kupita kiasi. Ikishindikana, bei ipunguzwe, hata yote. Alichokuambia mpokeaji kwa mdomo na wewe ukakitegemea, kwa mfano "tutabadilisha na diski", ni sehemu ya mkataba pia. Na lile bango la ukutani linalosema gereji haihusiki na lolote halina nguvu mbele ya sheria hiyo. Mabango ya namna hiyo tunayajua tangu nyumbani, ndiyo maana tunayaogopa bure.

Hapa wengi huuliza: nimrudishie gari mtu aliyetaka kuniua? Kisheria anatakiwa apewe nafasi, na mahakama itakuuliza ulimpa au la. Lakini kabla ya kumpa, mlete mkaguzi huru, asiyetafuta kazi ya kulitengeneza gari hilo. AA na RAC, kampuni za kusaidia wenye magari, huuza ukaguzi wa magari, na wapo wahandisi wanaoandika ripoti kwa ajili ya kesi. Ripoti iseme mambo manne: alichokikuta, kilichosababisha, kama fundi mwenye ujuzi wa kawaida angefanya hivyo, na gharama ya kurekebisha. Ripoti inayosema tu "breki mbaya" haina kazi.

Wakigoma kukupa gari mpaka ulipe, wana haki ya kulishikilia kwa ajili ya kazi iliyofanyika. Usilivizie usiku na ufunguo wa akiba. Lipa, andika kwenye ankara na kwenye barua pepe kwamba unalipa kwa pingamizi, kisha dai. Na lipa kwa kadi. Kadi ya mkopo, kwa kazi ya bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000, inaiweka kampuni ya kadi kwenye deni hilo pamoja na gereji, chini ya kifungu cha 75 cha Consumer Credit Act ya 1974. Kadi ya kawaida ya benki ina njia ya kuomba malipo yarudishwe, ila ni utaratibu wa kampuni za kadi, na muda wake ni mfupi, mara nyingi siku 120. Pesa taslimu haina hata kimoja cha hivi. Ndiyo shida ya fundi mwenzetu wa uani, yule wa "njoo Jumamosi nitakufanyia nusu bei": sheria inamhusu akiwa anafanya biashara, lakini huna ankara, huna malipo yanayoonekana, na wote mnasali msikiti mmoja au kanisa moja. Nusu bei hiyo mtu ailipe kwa kubadilisha redio, si breki.

Gereji ikiwa mwanachama wa The Motor Ombudsman, chombo cha kusuluhisha migogoro ya magari, ina wiki 8 za kujibu malalamiko yako, baada ya hapo unaweza kuyapeleka kwao bila malipo. Isipokuwa mwanachama, andika barua ya mwisho ukiipa siku 14, kisha fungua madai madogo. England na Wales kikomo ni pauni 10,000, na muda wa kudai ni miaka 6. Kwa kesi zilizofunguliwa tangu Mei 2024, kabla ya hakimu kuna usuluhishi wa simu wa saa moja, wa bure na wa lazima, na kesi nyingi za gereji zinafaa kufia hapo kama ripoti yako ni nzuri. Trading Standards, idara ya halmashauri inayosimamia biashara, iarifiwe kupitia shirika la ushauri la Citizens Advice, lakini usiingoje. Inafuatilia wafanyabiashara, haikudaii pesa zako.

Kama tatizo ni gari lililopitishwa MOT kimakosa, mlango ni mwingine: DVSA, wakala wa serikali unaosimamia ukaguzi huo. Kwa kutu una miezi 3 tangu siku ya ukaguzi, kwa hitilafu nyingine siku 28, na hapo pia ukirekebisha kabla hawajaliona, umekwisha. Ila kumbuka mkaguzi wa MOT havui magurudumu. Pini kavu na boliti isiyokazwa vinaweza kumpita kihalali kabisa.

Yote haya yanachukua wiki au miezi, na muda huo unapanda basi. Wanaosema "Ulaya kuna sheria" hawataji basi. Nyumbani fundi akiharibu asubuhi, mchana yuko chini ya gari tena bila kudai shilingi, kwa sababu jina lake liko mtaani. Kwa haraka na kwa uwazi wa kazi, Gerezani inaishinda gereji yenye sofa na kahawa. Inaposhindwa ni pale madhara yanapozidi mfuko wa fundi. Ukikimbilia polisi utaambiwa ni madai si jinai, fundi anasema spea ilikuwa feki, muuza spea anasema fundi hakujua kuifunga, na wewe uliyeinunua kwa mkono wako umesimama katikati. Mimi ningetaka sheria ya huku na kibenchi cha kule.

Na sheria kule ipo kuliko tunavyoitumia. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya 2016: hadi shilingi milioni moja, na shauri linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Tanzania kuna Mahakama ya Mwanzo, inayoendeshwa kwa Kiswahili, na mkataba wa mdomo na fundi ni mkataba. Kinachokosekana ni karatasi. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwenye duka la spea, iandikwe jina la kifaa, isiwe "spea" tu. Mlipe fundi kwa simu. Pedi za zamani na boksi la mpya vipige picha, uondoke navyo. Kabla ya kutoka, zima injini, kanyaga breki mara tano, ishikilie, kisha washa: pedali ishuke kidogo tu. Endelea kuikanyaga kwa nusu dakika injini ikiwaka. Ikizidi kuzama taratibu, kuna kinachovuja, nje au ndani ya masta silinda. Zungukia magurudumu yote baada ya kilomita mbili tatu uone kama kuna rimu yenye joto peke yake.

Likiharibika baada ya hapo, usianze na kupiga simu. Tuma ujumbe wa WhatsApp, kwa heshima, ukiambatanisha picha:

"Fundi, habari za leo. Gari uliyobadilisha pedi za mbele tarehe fulani, kazi niliyokulipa kwa M-Pesa siku hiyo, pedali inazama na tairi ya kushoto inashika moto. Nimelipaki, sijaliendesha wala halijaguswa na mtu. Naomba uje uliangalie lilipo kesho."

Akijibu "nakuja", ameshakubali kwamba kazi ni yake. Hifadhi jibu hilo mahali pengine nje ya simu, na akija, kaa karibu umwone anafungua.