Tochi, matuta na moshi wa barabara ya Tanga

Taja pale stendi ya mabasi ya Kange, Tanga, habari ya kushusha mwendo wa magari ili hewa iwe safi, na jibu la kwanza litakuwa kicheko. La pili litakuwa hesabu ya tripu: mwendo ukishuka, tripu za siku zinapungua. Kicheko tukiache. Hesabu ya tripu inastahili kujibiwa, maana dereva anajua anachosema, ila ameihesabu nusu.

Segera hadi Tanga mjini ni kama kilomita 70. Ukienda kilomita 100 kwa saa mfululizo ni dakika 42. Ukienda 80 ni dakika 52 na nusu. Lakini nani anaenda 100 mfululizo? Ipo Hale, ipo Muheza, ipo Pongwe, na kuna lori la mawe mbele yako lisilo na haraka. Kama nusu ya njia ni vijiji na foleni ya malori, kinachopotea ni dakika tano. Muda huo unaisha abiria mmoja akibishana na konda kuhusu chenji.

Kinachookolewa hakionekani kwa macho. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kushuka kutoka 100 hadi 80 kunapunguza kani ya upepo kwa asilimia 36, na kutoka 120 hadi 80 kwa zaidi ya nusu. Mafuta hayapungui kwa kiwango hicho hicho, kwani matairi na injini vina mzigo wao, lakini mwenye Noah yenye keria iliyopakiwa magunia ya machungwa ataiona tofauti kwenye geji. Kila lita ya petroli isiyochomwa ni kama kilo 2.3 za kabonidioksaidi ambazo hazikutoka. Ya dizeli ni zaidi ya kilo 2.6. Gesi za naitrojeni nazo, zile zinazowasha koo, huzaliwa zaidi injini ikiwa na mzigo mkubwa na joto kali.

Ni gesi hizo za naitrojeni zilizowafanya Waholanzi washushe mwendo wa mchana kwenye barabara zao kuu hadi 100 mwezi Machi 2020, wakati njia nyingi hapo awali zilikuwa 130. Madereva walinung'unika. Ufaransa ilipoweka 80 badala ya 90 kwenye barabara nyingi za vijijini mwaka 2018, kamera nyingi ziliharibiwa. Kwa hiyo dereva wa Tanga anayekasirika si mtu wa ajabu.

Hapa kwetu shida ni nyingine, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kibao kipya kinatosha. Mabasi na malori mazito tayari yana ukomo wa 80, na vijijini ni 50. Mabasi ya mikoani yanafuatiliwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, kwa kifaa kilichofungwa ndani. Lakini gari dogo likipigiwa taa na wanaotoka mbele linajua kuna tochi, yaani trafiki mwenye kifaa cha kupima mwendo, linashuka hadi 50, linapita kwa adabu, kisha dereva anakanyaga mafuta hadi 120 ili kufidia. Mwendo wa namna hiyo unatoa moshi mwingi kuliko mtu aliyetulia kwenye 90. Kila unaposhika breki unatupa nguvu uliyoinunua sheli, kisha unainunua tena.

Matuta yanaongeza hasara hiyo. Lori la tani 30 linalokuja na 50, likishuka hadi 10 ili kuvuka tuta, litachoma kama robo lita ya dizeli kurudia mwendo wake wa 50. Matuta manne, lita nzima, na inachomwa kwenye gia ndogo, mbele ya genge la mama lishe. Gari dogo hupoteza kama kijiko cha chakula tu. Sisemi yang'olewe. Gari la 80 linagonga kwa nguvu mara mbili na nusu ya gari la 50, na tuta liliwekwa kwa sababu kibao kilidharauliwa. Nasema ni dawa ya gharama kubwa.

Dawa ya nafuu ni kupima muda badala ya kuvizia. Kamera moja mwanzo wa kipande, nyingine mwisho. Kipande cha kilomita 20 chenye ukomo wa 80 hakikatwi chini ya dakika 15. Ukifika kwa dakika 11, hakuna taa za kupigiana zitakazokuokoa. Hapo kukimbia kati ya tochi mbili kunakosa faida. Kabla ya kijiji, kibao cha kuonya kikae mita 300 nyuma: gari ambalo dereva wake ameachia pedali ya mafuta likiwa ndani ya gia, kwenye tambarare, hushuka kutoka 80 hadi 50 katika umbali wa karibu hivyo bila kugusa breki.

Nasisitiza ndani ya gia. Wengi bado wanaamini kuweka frii, yaani kutoa gia, kwenye mteremko kunaokoa mafuta. Kwa injini ambazo kompyuta ndiyo inaongoza upuliziaji wa mafuta ni kinyume: ukiachia pedali ya mafuta ukiwa kwenye gia, kompyuta inakata mafuta kabisa, ukiweka frii inalazimika kumwaga kidogo ili injini isizimike. Tena umepoteza msaada wa injini, na breki zinabeba mzigo wote hadi zinapata moto.

Hayo yote hayamgusi mwenye Fuso anayetoa moshi mweusi akiwa na 40. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: aanze na kichujio cha hewa, ambacho kwenye barabara za vumbi la chokaa huziba mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kikiwa kisafi na moshi ukabaki, nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, zipelekwe kwa fundi wa pampu zikapimwe.