Albamu Iliyovuma

Kwa miezi minane nilikuwa nikimwambia kila aliyeketi karibu nami kwenye matatu ya Buruburu, hapa Nairobi, kwamba albamu yetu ingevuma. Nilikuwa nikisema kweli kuliko nilivyodhani.

Bendi yetu ina watu wanne na haina mfadhili. Tunapiga bluzi, muziki wa Wamarekani weusi wa kulilia shida, zile za gitaa la umeme zilizokomaa Chicago baada ya wapiga gitaa kama Muddy Waters, aliyehamia huko kutoka Mississippi mwaka 1943, kuona kwamba gitaa kavu halisikiki katika baa iliyojaa watu wanaobishana. Tulitunga nyimbo tisa, zote zetu wenyewe na zote kwa Kiswahili: kuna wa mkopo wa simu, kuna wa mwenye nyumba anayebisha hodi kwa kugongesha funguo, na kuna wa mwanamke aliyeniacha kituoni akapanda matatu ya mwisho, ambao nilikuwa nauthamini kuliko yote kwa kuwa ulinigharimu mwanamke mwenyewe. Mjomba wangu, ambaye alikulia kwenye benga na alinunua sahani zake za santuri River Road, aliusikiliza huo hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole: "Sasa, kijana wangu, hii ni benga iliyoshikwa na homa?"

Studio ya kulipia ilitushinda. Bluzi nyingi hupigwa kwa kodi tatu tu za gitaa, na sisi wakati huo tulikuwa tunadaiwa kodi mbili za nyumba, kwa hiyo tuliamua kurekodia sebuleni kwa mpiga besi, magodoro yakiwa yameegemezwa madirishani ili honi za Jogoo Road zisije zikaingia bila kualikwa. Honi hazikuingia. Kilichoingia ni mvumo. Kila nilipochomeka gitaa langu, spika ilitoa sauti nzito isiyopumua, nguuuu, kama ng'ombe anayefikiria jambo. Gitaa hilo lina pikapu za koili mojamoja (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, si zile za kubebea viazi, ingawa viazi vinakuja), na pikapu za namna hiyo hunasa mvumo wa nyaya za umeme jinsi shuka iliyoanikwa inavyonasa moshi wa jiko la jirani. Kampuni ya Gibson ilianza kutia pikapu za koili mbili, ambazo huumeza mvumo huo, katika magitaa yake mwaka 1957, lakini habari hizo hazijaufikia mfuko wangu.

Tuliita fundi wa umeme. Alifungua soketi, akachungulia kwa tochi ya simu, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. "Kaka," akasema, "hili tundu la tatu waliliweka la urembo. Halina waya wa kupeleka umeme ardhini." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini, kila midomo yangu ilipogusa maikrofoni huku vidole vikiwa kwenye nyuzi, nilipigwa kofi dogo ambalo hakuna aliyekiri kunipiga. Bei ya kutandaza waya mpya ilikuwa sawa na bei ya albamu nzima, hivyo tukamshukuru, tukampa chai, akaenda zake.

Mpiga besi ndiye aliyetuokoa, au ndiye aliyetumaliza. Mpaka leo hatujakubaliana. Alikuwa na programu ya kupimia sauti kwenye simu yake, akaielekeza kwenye spika. Umeme wa Kenya hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na hapo ni juu kidogo tu ya noti ya G. Marekani hutetemeka mara 60, mlio unaoangukia kati ya B flati na B, mahali ambapo hakuna mpiga gitaa mwenye akili timamu anayejenga wimbo. Sisi tulikuwa na bahati. Tulikaza nyuzi kidogo ili tukutane na mvumo nusu ya njia, tukahamishia nyimbo zote tisa kwenye G, na kuanzia siku hiyo tukawa na mpiga besi wa pili asiyechelewa mazoezi wala kudai nauli. Wimbo wa mwanamke, ambao niliutunga kwa E, ulipopandishwa hadi G ulinifanya niimbe kama mtu aliyekanyagwa kidole, na wenzangu wakasema kwamba hatimaye ulikuwa na uchungu wa kutosha.

Uzinduzi tuliufanyia katika baa moja ya mtaa wa Umoja, Jumamosi, tukiwa na flashi 60 zenye albamu ndani. Nyimbo mbili za kwanza zilienda vizuri, mvumo ukitusindikiza kwa uaminifu, halafu umeme ukapotea mtaa mzima. Mama mwenye baa hakuyumba. Alimtuma kijana nyuma ya choo, tukasikia kamba ya jenereta ikivutwa mara nne, taa zikarudi, nami nikaingia kwenye wimbo wa tatu kwa mbwembwe zote. Ilikuwa kama kwaya ambayo mzee mmoja ameanzisha wimbo mwingine. Mpiga besi alinionyesha simu yake: 52. Jenereta ndogo isipobeba mzigo hukimbia kupita kiasi, na mvumo wetu ulikuwa umepanda hadi G shapu, nusu hatua juu ya G.

Niliwaomba radhi wasikilizaji, nikawaeleza kwamba kukaza nyuzi jukwaani ni sehemu ya mila ya bluzi, tukapanda hadi G shapu, tukaanza upya. Katikati ya ubeti wa pili mvumo ukashuka hadi G.

Niliyaona yaliyotokea kwa macho yangu. Kijana wa chipsi, pale kaunta, alikuwa ndiyo kwanza amimine beseni la viazi vibichi kwenye kikaangio cha umeme. Taa nyekundu ya kikaangio iliwaka, na nyuma ya choo jenereta ikatoa mguno wa mtu aliyetwishwa gunia. Mafuta yalipopata moto tena, taa ikazimika, jenereta ikashusha pumzi, mvumo ukarudi G shapu. Kwa hiyo ufunguo wa nyimbo zetu, matunda ya miezi minane ya jasho, ulikuwa mkononi mwa kijana mwenye aproni.

Tulishauriana kwa dakika moja, tukalegeza nyuzi kurudi G, nami nikashika maikrofoni. Nikapigwa kofi. "Ndugu zangu," nikasema, "kama mnapenda bluzi, tafadhali agizeni chipsi. Msiagize pamoja. Agizeni kwa zamu."

Walidhani ni mzaha, wakacheka, wakaagiza. Tukapiga wimbo wa mkopo wote macho yetu yakiwa kwenye ile taa nyekundu, mpiga dramu akiharakisha kila alipoona viazi vinageuka rangi ya dhahabu. Kwenye wimbo wa mwanamke, nikiwa nimefika pale matatu inapoondoka, nilimwona kijana akiinua wavu wa viazi vilivyoiva na hakuna oda nyingine. Nilifumba macho. Kutoka meza ya nyuma ikapaa sauti ya mjomba wangu: "Sahani tatu hapa! Na ziwe mbichi mbichi!" Sijawahi kumpenda mtu wa ukoo wetu namna ile.

Tulifika wimbo wa saba. Gunia likaisha.

Mama mwenye baa alihesabu fedha zake mara mbili, akatualika turudi Jumamosi yoyote tunayotaka, mradi tumpe taarifa mapema aagize viazi. Sisi tuliuza flashi nne. Moja aliinunua kijana wa chipsi, na Jumanne akanitafuta hadi Buruburu kuirudisha, akisema kwa adabu kwamba ilikuwa na kasoro.

"Kaka, nyimbo ni nzuri, lakini ndani kuna kitu kinavuma."

Nikamwuliza kinavumaje. Akaziba sikio moja kwa kidole, akafumba macho, akauimba: nguuuu. Mpiga besi akatoa simu yake. G, bila kupotoka hata kidogo.

Kesho kutwa anakuja mazoezini.