Sakata la Fei Toto: haki ya klabu, haki ya mchezaji

Mwishoni mwa Desemba 2022, shilingi milioni 112 ziliingia kwenye akaunti ya Yanga. Aliyeziweka hakuwa mdhamini, wala klabu iliyokuja kununua mchezaji. Alikuwa Feisal Salum mwenyewe, Fei Toto, kiungo tegemeo wa timu hiyo na wa Taifa Stars. Milioni 100 zilikuwa za kuvunja mkataba, milioni 12 mishahara ya miezi mitatu. Kwa hesabu hiyo nchi nzima ikajua kwamba kiungo yule alikuwa analipwa milioni 4 kwa mwezi.

Yanga ikazirudisha fedha. Msimamo wake ulikuwa kwamba mkataba hauvunjwi na upande mmoja. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua kuwa Fei bado ni mchezaji halali wa Yanga mpaka mkataba wake uishe Mei 2024. Akaomba marejeo, na Machi yakatupwa. Wakati wote huo hakurudi kambini. Mama yake alipojitokeza kumtetea na kusema mwanawe alikuwa anakula ugali na sukari, mashabiki wakaligeuza utani wa msimu mzima.

Utani ule uliniudhi wakati huo na unaniudhi hadi leo, kwa sababu ulitufunika tusilione suala lenyewe. Mimi naamini kamati iliamua sawasawa. Naamini pia kwamba Fei alikuwa na madai ya haki. Tulilazimishana kuchagua moja kati ya hayo kana kwamba yanapingana, na hayapingani.

Tuanze na klabu. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema wazi kuwa mkataba hauwezi kuvunjwa na upande mmoja katikati ya msimu. Desemba ni katikati ya msimu, na Yanga ilikuwa inapigania ubingwa huku ikicheza Kombe la Shirikisho Afrika, mashindano ambayo baadaye ilifika fainali yake. Kanuni hizohizo zinaulinda zaidi mkataba katika miaka mitatu ya mwanzo kwa mchezaji aliyesaini kabla ya kufikisha miaka 28. Akiuvunja bila sababu ya msingi ndani ya kipindi hicho, juu ya fidia anaweza kufungiwa kucheza. Ulinzi huu una maana yake. Klabu inayomchukua kijana wa miaka 20, ikamvumilia anapokosea, ikamlipa akiwa majeruhi miezi minne, lazima iwe na uhakika kwamba hataamka asubuhi moja akaondoka na begi lake. Bila uhakika huo hakuna atakayewekeza kwa kijana yeyote, si wa Zanzibar, si wa Kigoma.

Tena milioni 4 si habari yote. Katika soka letu mchezaji hupewa kwanza pesa ya usajili, mkupuo unaoingia mfukoni mwake siku ya kusaini, kisha ndipo mshahara wa mwezi, posho na bonasi za ushindi. Wengi hupigania mkupuo na kuuachia mshahara uwe wowote. Familia inasubiri nyumba, kuna madeni, na milioni nyingi za leo zina nguvu kuliko ahadi ya miaka minne. Klabu zinalijua hilo. Zinaongeza mkupuo kidogo, zinashusha mshahara sana, na kalamu inashikwa. Kwa hiyo Yanga inaposema mchezaji alisaini kwa hiari yake, inasema kweli.

Lakini hiari hiyo ilikuwa ya mchezaji wa namna gani? Hapa ndipo upande wa pili unapoanza. Fei alitoka JKU, klabu ya Zanzibar, mwaka 2018 akiwa na miaka 20. Kufikia 2022 alikuwa mmoja wa viungo bora nchini, na kando yake walikuwa wanaletwa wageni ambao mishahara yao ilitajwa mtaani kuwa mara nyingi ya wake. Anayecheza nafasi moja na mwenzake, wakakimbia umbali uleule na kushangiliwa na jukwaa lilelile, lazima ataulizia. Na fedha kwenye mchezo zilikuwa zimeongezeka. Mwaka 2021 TFF ilisaini na Azam Media mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mwaka 2022 Yanga ikasaini na SportPesa zaidi ya bilioni 12 kwa miaka mitatu, Simba na M-Bet zaidi ya bilioni 26 kwa miaka mitano. Ligi ilipanda bei. Mshahara uliofungwa kabla ya hapo ukabaki palepale.

Sasa tuiangalie ile milioni 112, maana hakuna aliyeipigia hesabu vizuri. Kuanzia Januari 2023 mpaka Mei 2024 ni miezi 17. Kwa milioni 4 kila mwezi, mishahara yote iliyobaki kwenye mkataba ni milioni 68. Yaani Fei aliweka mezani fedha nyingi kuliko jumla ambayo angelipwa mpaka siku ya mwisho. Kuna wakati hoja hiyo ingembeba. Mwaka 2008 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ilipoamua kesi ya beki Andy Webster aliyeiacha Hearts ya Scotland, fidia ilipimwa kwa mishahara iliyobaki tu. Mwaka mmoja baadaye, katika kesi ya Mbrazili Matuzalem aliyeondoka Shakhtar Donetsk, CAS ikageuka: ikatazama thamani ya mchezaji sokoni na kumtoza zaidi ya euro milioni 11. Kwa kipimo cha Webster, Fei alikuwa amelipa na kuzidisha. Kwa kipimo cha Matuzalem, milioni 112 kwa kiungo wa Taifa Stars mwenye miaka 24 ilikuwa bei ya kutupa.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo mashabiki wa Yanga hawalipendi. Ikiwa klabu inasema mchezaji huyu ana thamani kubwa kuliko milioni 112, basi imekiri yenyewe kwamba milioni 4 kwa mwezi hazilingani naye. Haiwezekani awe ghali anapotaka kuondoka na rahisi anapobaki. Viongozi walikuwa na misimu miwili ya kumwita, kumwongezea mshahara na kurefusha mkataba kabla hajakata tamaa. Kumwongezea mchezaji wako kabla hajaomba ni kazi ya kawaida ya klabu inayojua kuendesha usajili.

Kuna pia suala la kuutii mkataba wenyewe. Mkataba unaosemwa ni mtakatifu mchezaji anapouvunja huwa mwepesi mno klabu inapouvunja. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuondoka, baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15. Ni wangapi kwenye ligi zetu wamethubutu kuitumia? Gor Mahia na AFC Leopards za Kenya zimewahi kufungiwa kusajili kwa sababu ya madai ya wachezaji, na kwetu pia adhabu hiyo imezikuta klabu. Wanaofungua kesi hizo mara nyingi ni wageni wenye mawakala wanaoijua njia ya Zurich, makao makuu ya FIFA. Mchezaji wa ndani anaogopa kuitwa msaliti.

Mwisho wa sakata ulinisikitisha kwa namna nyingine. Juni 2023 Yanga ilipoalikwa Ikulu kwa chakula baada ya fainali dhidi ya USM Alger, Rais Samia aliwataka viongozi walimalize suala la Fei. Siku chache baadaye akawa mchezaji wa Azam. Namshukuru Rais kwa kijana yule, aliyeenda kufunga mabao 19 msimu uliofuata. Pia kibiashara Yanga ilihitaji kumuuza wakati ule: miezi sita kabla mkataba kuisha mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na klabu yoyote, na Mei 2024 angeondoka bure. Ila suala lilipoishia mezani kwa chakula, halikuacha kitu chochote kwa mchezaji wa Mtibwa au wa Kagera ambaye hakuna rais atakayemtaja.

Uingereza waliwahi kupita hapa. George Eastham aligoma kuichezea Newcastle mwaka 1960, ikamuuza Arsenal, naye tayari alikuwa amepata alichokitaka. Chama cha wachezaji kikaisukuma kesi mahakamani hata hivyo, na mwaka 1963 mahakama ikauona mfumo wa klabu kumng'ang'ania mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha kuwa ni kumzuia mtu kufanya kazi yake isivyo haki. Waliofaidi ni maelfu ambao majina yao hatuyajui.

SPUTANZA, chama cha wachezaji wetu, kingeweza kuanzia kwenye mkataba wenyewe. TFF husajili mikataba yote. Iweke sharti kwamba mkataba unaozidi miaka miwili uwe na kipengele cha kuupitia upya mshahara mchezaji akifikisha idadi fulani ya mechi au akiitwa Taifa Stars. Bei ya kuondoka iandikwe kwa tarakimu, pamoja na dirisha ambalo inatumika, ili Desemba isiguswe na Juni iwe wazi. Na siku ya kusaini awepo mtu wa chama upande wa mchezaji, amsomee kijana ukurasa kwa ukurasa kabla mkupuo haujahesabiwa mbele yake.